Chungu cha wazee: historia ya pombe na afya ya akili ya wazee wetu, Bungoma na Kitale

Mara nyingi katika mazungumzo haya tunazungumzia watoto: chanjo, uji, kuhara. Leo tugeukie upande wa pili wa boma, kwenye ile nyumba ndogo ya mzee.

Mazungumzo ya leo ni ya historia. Huenda ukauliza, historia inahusiana vipi na mzee anayerudi usiku akiyumbayumba, au kukhu anayekaa gizani bila kutaka taa iwashwe? Inahusiana sana. Akina mama wengi huchelewa kumleta mzee hospitalini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuamini kwamba wazee wamekunywa tangu zamani na hawakudhurika. Ya pili ni kuogopa neno Mathari. Sababu zote mbili zina mizizi ya miaka mingi, na ukiujua mzizi utaelewa kwa nini siku hizi mambo ni tofauti.

Tuanze na chungu. Busaa, ambayo Wabukusu huiita kamalwa, ni pombe ya nafaka. Unga huchachushwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi na kuachwa uive. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi na iliwataka akina mama kadhaa. Kwa hivyo busaa haikupatikana kila siku. Ilipikwa baada ya mavuno, wakati wa kulimiana mashamba, kwenye harusi na matanga, na hasa ule mwaka wa tohara, ambao kwetu huangukia Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakaongezwa polepole, na mazungumzo yakaendelea hadi jua kuchwa. Vijana hawakuketi hapo.

Sisemi kwamba zamani hapakuwa na mlevi. Alikuwepo, na wake waliopigwa walikuwepo pia. Ninachosema ni kwamba chungu chenyewe kilikuwa na breki zake: kilikuwa kikubwa, kilinywewa mbele ya macho ya rika, na kilikwisha. Mzee akianza kubadilika, akisahau jina la mwenzake au akilia bila sababu, waliokuwa wameketi naye ndio waliogundua kwanza.

Breki hizo zililegea moja baada ya nyingine. Wamishenari wa Friends, tunaowaita Quaker, walifika Kaimosi mwaka wa 1902 na baadaye wakafungua misheni Lugulu. Walikataza pombe kabisa. Walituletea shule na hospitali, na hilo hatuwezi kulisahau. Lakini katazo hilo liliwagawanya wazee katika makundi mawili: wale waliobaki kwenye chungu, na wale waliookoka. Baadhi ya waliookoka waliendelea kunywa kwa siri. Hadi leo, mzee wa kanisa anayekunywa ndiye mgumu kabisa kusaidia, kwa sababu nyumba nzima inalinda siri yake.

Upande wa Kitale, ardhi ya Trans Nzoia ilitengewa walowezi, na reli ikafika huko mwaka wa 1926. Watu wetu walikwenda kufanya kazi na kuishi kwenye mashamba hayo, mbali na rika lao. Ndipo pombe ikaanza kuuzwa kwa kopo kwa mtu mwenye mshahara. Wakati huo huo pombe ya kukenekwa ilikuwa ikienea. Askari wa Kinubi waliotoka Sudan na kutumikia jeshi la King's African Rifles walipewa makao Kibera, na akina mama wa Kinubi wakajulikana kwa ile pombe kali iliyoitwa jini ya Kinubi. Uganda waliiita waragi. Sisi tunaiita chang'aa. Serikali ya mkoloni iliikataza tangu mwanzo, na katazo hilo halikuimaliza.

Baada ya Uhuru busaa ilipata leseni. Palikuwa na Sheria ya Pombe za Kienyeji ya mwaka wa 1971, na vilabu vya busaa vilijaa mijini na sokoni. Lakini baada ya Rais Moi kushika madaraka mwaka wa 1978 vilabu hivyo vikafungwa, na mwaka wa 1980 Bunge likapitisha sheria kali ya kupiga marufuku chang'aa.

Hapa nataka ufikirie pamoja nami, mama. Chungu cha busaa ni kikubwa, kinanuka, na kinahitaji watu waketi. Askari wa chifu akitokea, utakikimbiza wapi? Chang'aa inaingia kwenye chupa ndogo, inafichwa chini ya kitanda, inanywewa kwa kusimama na kwa haraka. Kwa maoni yangu, msako uliokusudiwa kumwokoa mzee ulimtoa kwenye mrija ukamtia kwenye glasi, na ukamtoa mbele ya wenzake ukampeleka nyuma ya nyumba ya mama pima.

Tofauti ya vinywaji hivyo viwili si ndogo. Watafiti waliofanya kazi Eldoret walipima pombe za kienyeji za magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka wa 2010. Busaa ilikuwa na kilevi cha asilimia 4 hivi, na chang'aa asilimia 34 hivi. Tupige hesabu. Glasi ya robo lita ya chang'aa ina kilevi sawa na zaidi ya lita mbili za busaa. Kwa hiyo mtu akikuambia "hata babu yake alikunywa na akaishi miaka 90", muulize alikunywa nini, kwa muda gani, na mara ngapi kwa mwaka.

Simsemi vibaya mama pima. Wengi wao ni wajane, na karo ya shule imelipwa na mtungi huo. Magharibi mwa Kenya ukimwi uliwachukua vijana wengi miaka ya 1990 na 2000, na nyanya wakaachiwa wajukuu bila shamba la kutosha wala pensheni. Kukhu anayepika huonja kila mkupuo ili ajue kama imeiva. Baada ya miaka kumi ya kuonja, yeye pia ni mnywaji, ingawa hajawahi kuketi kwenye kilabu. Nikimuuliza kama anakunywa ananijibu hapana, na kwa ufahamu wake anasema kweli. Siku hizi namuuliza anaonja mara ngapi.

Kukhu huyo huyo huipima chang'aa kwa kuiwasha kiberiti: ikiwaka vizuri, basi ni safi. Jambo hili limewaua watu. Metanoli, ambayo ni kemikali ya viwandani, nayo huwaka, na kwa mdomo huwezi kuitofautisha na pombe. Ikiingia mwilini hugeuka sumu inayoharibu mshipa wa macho, na dalili huweza kuchelewa hadi siku ya pili: kichwa kuuma, tumbo, kuona ukungu, kisha upofu au kifo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, katika mitaa ya Mukuru na jirani zake, kwa pombe ya namna hiyo. Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa. Februari 2024, huko Kangai, Kirinyaga, walikufa 17. Mzee akisema haoni vizuri siku moja baada ya kunywa, usimwambie alale ipite. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mwaka wa 2010 sheria nyingine ilikuja, ile ambayo watu wengi huiita sheria ya Mututho. Iliifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa ikiwa imetengenezwa kwa leseni na kutiwa kwenye chupa. Vijijini kwetu chang'aa ya leseni ni nadra kama jino la kuku. Lakini sheria hiyo ilibadilisha kitu kimoja cha maana kwako: kunywa chang'aa kwenyewe si siri ya kumficha mzee asionekane na muuguzi. Nikikuuliza amekunywa nini, sikuulizi kwa niaba ya chifu.

Sasa tuje kwenye hofu ya pili.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka wa 1910, ikitumia majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Iliitwa makao ya wendawazimu ya Nairobi, na jina la Mathari likaja mwaka wa 1924. Shabaha yake ilikuwa kuwaondoa watu barabarani kuliko kuwatibu. Kati ya 1938 na 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye mwaka wa 1953 aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani. Aliandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra sana kwetu. Ukweli ni kwamba aliowaona ni wale walioletwa na polisi. Kukhu aliyekaa gizani Kimilili bila kula hakumwona hata mara moja, kwa hivyo akasema hayupo. Wasomi wamelikosoa sana jambo hilo tangu wakati huo, lakini fikira yenyewe imebaki hata kwetu sisi wenyewe. Ni mara ngapi umesikia kwamba huzuni ni ugonjwa wa Wazungu?

Sisi wa Bungoma tuna sababu yetu ya ziada. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira kabla ya kuongoza Dini ya Musambwa, alipinga amri za mkoloni za miaka ya vita, na mwaka wa 1945 akatiwa Mathari kama mwendawazimu. Alikaa huko hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na watu wakafa, na Masinde akahamishiwa Lamu. Alirudi nyumbani karibu na Uhuru, akafa mwaka wa 1987. Watu wana maoni mengi juu yake, nami siingilii. Lakini hebu fikiria wazee wetu wa leo, ambao baba zao walimfahamu. Walijifunza nini kuhusu Mathari? Kwamba ni mahali unapopelekwa ukiwaudhi wakubwa. Sasa wewe mkaza mwana unapomwambia mzee, "Baba, twende ukaonwe na daktari wa akili," yeye anasikia kwamba unataka kumfunga ubaki na shamba. Ukatili huo si wako, lakini kivuli chake kinakuangukia.

Kuna mambo mengine yaliyowapata wazee hawa, ambayo ni rahisi kuyasahau kwa sababu sisi tulikuwa watoto. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kule Webuye kilifunguliwa mwaka wa 1974, kikafungwa 2009, na miaka kadhaa ikapita kabla ya wenyewe wapya kukianzisha tena. Mwanamume aliyeamka kwa king'ora cha zamu miaka thelathini aliamka siku moja hana zamu. Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, mapigano ya ardhi ya kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyofuata viliua mamia ya watu na kuwahamisha maelfu. Wengine walikuja kuishi kwa jamaa zao Bungoma na Trans Nzoia. Mwaka wa 2011 wazee wa Kibukusu, Kisabaoti, Kiteso na wengine waliketi hapa hapa Mabanga, kwenye chuo cha wakulima, wakapatana. Mapatano yale yaliwafaa sana watoto wetu. Lakini mkataba hauondoi ndoto za usiku. Mzee anayekunywa glasi mbili kabla ya kulala huenda hatafuti raha. Huenda anatafuta usiku mmoja usio na ndoto.

Ndiyo maana dalili za huzuni kwa mzee hazifanani na zile unazozitarajia. Mara nyingi halii, wala hasemi kwamba ana huzuni. Atalalamika mgongo, tumbo, moto miguuni. Atarudisha sahani ikiwa nzima. Ataacha kwenda kanisani au barazani, atauza ng'ombe aliyempenda, ataanza kugawa vitu vyake na kusema yeye ni mzigo. Maneno hayo ya mwisho yachukue kwa uzito. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Fungia dawa za shambani mahali asipopafikia, na umlete. Zamani familia zilificha jambo hili kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Mwili wa uzee nao una hesabu yake. Maji mwilini hupungua na ini hufanya kazi polepole, kwa hivyo glasi ile ile aliyoimudu akiwa na miaka 40 humwangusha akiwa na 70. Akiwa anameza dawa za presha, pombe huweza kumshusha presha akaanguka na kuvunjika nyonga. Akiwa na za sukari, sukari huweza kushuka usiku akapoteza fahamu, nanyi mkadhani amelewa tu. Dawa za usingizi pamoja na pombe huweza kuzima pumzi. Ugoro wa kukhu, ambao hatuuhesabu kama kileo, una nikotini ile ile ya sigara na hupandisha presha. Na mzee anayekunywa bila kula hupungukiwa vitamini B1. Huyo huanza kuchanganyikiwa, macho hucheza, hutembea akipanua miguu, kisha husahau yaliyotokea asubuhi na kujaza pengo kwa hadithi za kubuni. Watu husema amerogwa. Ikitibiwa mapema, mengi ya hayo yanaweza kurekebika. Ikicheleweshwa, kumbukumbu hairudi.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwalo niliomba mazungumzo haya yaandikwe.

Mzee mmoja wa upande wetu alikuwa akinywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi. Watoto walirudi Desemba kutoka Nairobi, wakakasirika, wakaamua kumwachisha. Walimfungia chumbani kwa mapenzi mema kabisa, na chai, na Biblia. Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho. Usiku akaanguka kifafa. Siku ya tatu alikuwa akiwafukuza panya ukutani ambao hawakuwepo, na akimwita ndugu yake aliyekufa zamani. Familia ikaita waombaji. Aliletwa kwa bodaboda siku ya nne akiwa amefungwa kamba, na alipona, lakini kwa taabu.

Yale hayakuwa mapepo. Ubongo uliozoea pombe kila siku, ikikatwa ghafla, hulipuka kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba. Mtetemeko huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, kifafa huja siku ya kwanza au ya pili, na kuchanganyikiwa kukubwa mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Mzee anaweza kufa kwa hilo. Kwa hivyo, mama, ikiwa mzee wako anakunywa kila siku na anatetemeka asubuhi kabla hajapata, usimwachishe nyumbani, na usimruhusu shemeji wala mchungaji kumfungia. Mlete kwanza. Hospitalini kuna dawa ya kumshusha taratibu kwa siku kadhaa, na sindano ya vitamini B1, na tutamwangalia. Na mkiwa njiani, kama bado anahitaji kunywa kidogo asianguke, mwache anywe. Najua hili linasikika vibaya likitoka kwa muuguzi.

Huhitaji kwenda Mathari. Anzia zahanati, au umwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Hospitali za rufaa za Bungoma na Kitale huwapokea wagonjwa hawa, na ikizidi kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Ukitaka kuuliza bila kuonekana, piga 1192, namba ya NACADA isiyolipiwa. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inataka mgonjwa aelezwe matibabu yake na atibiwe kwa heshima, karibu na watu wake. Mwambie mzee hivyo kabla hamjaondoka nyumbani. Mwambie pia kwamba shamba linabaki lake, na ikiwezekana alisikie neno hilo kutoka kwa mwanawe wa kwanza, mbele ya ndugu zake wa rika.

Na kama anapokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, angalia siku ya malipo. Wauzaji wanaijua tarehe hiyo kuliko sisi. Nenda naye sokoni, mnunue sukari na sabuni pamoja, mrudi pamoja mchana. Nyumba moja Mabanga imeanza kumwalika rafiki wa mzee siku hiyo aje kunywa chai na kucheza ajua, na mzee mwenyewe ndiye huuliza siku mbili kabla kama maziwa yatatosha.